Lenzi Nilizovaa kwa Wivu

Mjukuu wangu Rukia,

Asalamu aleikum. Kwa ukoo mie ni bibi yako, ingawa bado nanyonyesha. Mwanangu anaota meno, na hapa Ole sote wazima.

Umeuliza kama sisi wenye sukari tunaweza kuvaa lenzi za macho. Mke mwenzangu Salma huvaa, na mume wetu humwita "macho ya asali." Nikaungua wivu. Nikanunua zangu bila kupimwa, na siku ya harusi huko Madungu nikazivaa nimetoka kuchambua karafuu, mikono nimeisuuza maji tu. Jicho likawaka moto. Nikalificha siku mbili, Salma asije akanicheka.

"Weye, jicho limekuwa pilipili!" akasema Salma alipoliona. "Wataka upofuke kwa ajili yangu?" Akanishika mkono mpaka kwa daktari.

Daktari akanambia kidonda cha jicho kwa mwenye sukari hukawia kupona. Basi pimwa macho kwanza. Ukiruhusiwa, nawa kwa sabuni, kausha mikono, usilale nazo, na jicho likiuma zivue uende hospitali.

Langu lilipona, alhamdulillahi. Salma bado namuonea wivu, lakini namwona.

Bibi yako,
Maryamu