Shikamoo ya Roboti

Dada Yustina, shikamoo.

Rusumo mvua hainyamazi na miguu yangu imevimba, lakini ndizi za binti yako Veneranda zinanishibisha. Padre ameshaniungamisha kwa safari ile ya mwisho. Dhambi moja nimekuwekea wewe, uliyenichapa utotoni kwa kusema uongo.

Jana mchana Veneranda alionyesha filamu mpya kwenye banda lake la video, ya maroboti wanaoiteka dunia. Mtafsiri wake amekaukwa na sauti, basi akanipa mimi kipaza sauti kwa kuwa nilifundisha Kiingereza. Nikatafsiri neno kwa neno. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wakaanza kunyanyuka.

"Mzee, unatusomea misa," mmoja akasema.

Veneranda akaninong'oneza, "Mjomba, wakitoka hawa, filamu mpya sileti tena."

Roboti akamwelekezea bunduki jenerali mzee, akasema kwa Kiingereza, "Utakufa." Mimi nikasema, "Shikamoo, babu." Jenerali alipofungua mdomo nikaitikia kwa niaba yake, "Marahaba, mjukuu wangu." Roboti akashusha bunduki. Ukweli ni kwamba risasi zilikuwa zimemwishia, lakini banda zima liliona adabu. Wakacheka, wakakaa.

"Kumbe chuma nacho kimelelewa," akasema dereva yuleyule. Leo wanarudi na wenzao.

Kwa hiyo leo nitadanganya tena, dada, na kwa furaha. Shikamoo yangu iko hapo juu. Ukiiitikia, nitajua umeshusha fimbo.

Mdogo wako,
Gervas