Mama Injinia Ananyanyuka Mwenyewe

Jumatatu, 3/6/2024

Mazoezini leo. Wazee tumelazwa kwenye mikeka kama alizeti zilizoanikwa! Jenipher, binti wa mazoezi ya viungo, kasema lala chali, kunja magoti, kaza tumbo, inua kiuno. Nimeinua! Mzee Mughwai, yule wa mgongo, akanitania eti Mama Injinia anataka kupaa. Nikamwambia wewe endelea kulala.

Nyonga niliyovunja nilipoanguka nikipepeta mtama ina chuma sasa. Lakini tumbo bado ni langu.

Pale kila mtu anamjua mwanangu Emilian, injinia wa Mbeya. Nimehakikisha.

Alhamisi, 6/6/2024

Emilian kapiga simu. Anataka kuomba ruhusa kazini, aje wiki nzima aniuguze. Moyo ukaruka! Mdomo ukawahi — nimepona baba, natembea kama msichana, usiache kazi za watu.

Akafurahi sana. Akasema basi atakuja Krismasi.

Krismasi.

Nimewasimulia kuku habari za injinia. Wamemaliza mtama, wakaondoka.

Jumamosi, 8/6/2024

Leo kunyanyuka kutoka chini. Geuka ubavu, piga magoti, shika kiti, mguu mzima mbele, kaza tumbo, sukuma. Jenipher kanishika kiunoni. Kasema nyumbani fanyia kitandani bibi, chini usishuke bila mtu. Bibi! Nikamrekebisha. Akacheka: haya Mama Injinia, na siku ukiwa na mtu, kiti kiegemee ukuta.

Jioni jirani yangu Dorika kauliza mwanao anakuja lini kukuona. Nikamjibu kabanwa, madaraja ya nchi hii nani atajenga? Akautazama mguu wangu. Sikupenda alivyoutazama.

Jumatano, 12/6/2024

Nimeshuka! Peke yangu, mkekani, sebuleni. Daftari nimeshuka nalo, niandike hapahapa. Kiuno kimepanda vizuri — hakuna wa kuniona!

Kunyanyuka ndiyo shida. Kiti cha plastiki nilikiweka katikati ya chumba. Nilipokishika kikateleza mpaka mlangoni. Ukuta nilisahau. Nimejaribu bila kiti. Magoti yanakubali, nyonga inagoma. Nimemwita Dorika, nimemwita tena. Kimya. Ndipo nikakumbuka kaenda mashineni kukamua alizeti.

Ninayo simu tu, ya tachi, kaninunulia Emilian. Hapa kwetu Mwankoko kote hakuna mama mwenye kama hii.

Ikaita. Yeye! Sauti ya furaha: mama, washa video! Nimewaambia wenzangu ofisini mama yangu kavunjika nyonga na sasa anatembea kama msichana, wanabisha. Simama, tembea kidogo wakuone!

Nyuma yake watu wanacheka. Mmoja akasema shikamoo mama.

Marahaba, wanangu. Nikasema chaji inaisha. Nikakata.

Chaji imejaa.

Inaita tena.