Kitambaa cha Meza ya Wakwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Wakwe wanakuja Jumapili. Shemeji Kitwana kaleta jibu asubuhi, na mananasi matatu ya Kiwangwa. Bi Mwanahija anakuja mwenyewe kutoka Pangani, yeye na mwanawe Twalib, kumchukua Raya. Alhamdulillahi. Mimi ndiye niliyemtuma Kitwana, Raya hakutaka. Miezi miwili mwanangu yuko chumbani, hasemi kilichomrudisha kutoka kwa mumewe. Nikiuliza — "Basi tu, mama." Nikamwambia ndoa ni kuvumiliana, hakuna nyumba isiyofuka moshi. Akaenda kuosha vyombo.

Bi Mwanahija hawezi kukaa mkekani, magoti. Itabidi niunganishe meza yangu na ya jirani yangu Adila. Ya Adila imeungua pasi juu. Kinatakiwa kitambaa kikubwa kifunike zote mbili. Cha dukani ni nailoni, kina zabibu na matufaha, nyumba itaonekana kama hoteli ya stendi. Nitachora mwenyewe. Nitaweza?

Jumanne, 9 Septemba

Adila anafundisha kina mama kupaka rangi vitambaa, kanipa somo bure. Unakata ua kwenye kitu kigumu, yeye anakiita stensili. Unakilaza juu ya kitambaa, unagongagonga rangi kwa sponji ya godoro. Usifute. Ukifuta rangi inapenya chini, ua linaota ndevu. Nimeharibu matatu kwenye shuka bovu.

"Shoga, hilo ua au pweza?" Adila akauliza.

Tukacheka. Raya alikuwa amesimama mlangoni, naye akacheka. Sijamsikia akicheka tangu aje.

Nimeshaamua kitakavyokaa. Kama kanga. Pembezoni pindo la korosho, katikati maua ya vilua. Boksi linalowa, halifai kukatia. Adila anasema bora picha ya zamani ya eksirei. Unailoweka kwenye jiki, weusi unatoka, inabaki kama kioo, unaona unapochora. Nimeuliza nyumba nne. Hakuna aliyenayo.

Jumatano, 10 Septemba

Raya ndiye aliyeleta. Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, chini ya nguo zake.

"Tumia hii, mama. Lakini niiloweke mimi kwanza."

Akaenda nayo uani kwenye beseni. Mimi na haraka zangu — alipotoka kuchota maji nikaitoa, haijakaa hata robo saa. Nikaibandika dirishani nichore korosho ya kwanza.

Nusu imetakata. Nusu nyingine ni mkono. Mfupa umekatika karibu na kiganja, kama muhogo uliovunjwa gotini. Pembeni jina lake. 19/03/2025.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Alinipigia simu hawezi kuja Idi, ana homa. Nikamwambia anywe maji ya ndimu. Maji ya ndimu, mimi.

Raya akarudi na ndoo, akaniona. Akaichukua, akairudisha beseni, akaikandamiza kwa kijiti mpaka chini. Akasema, kanipa mgongo.

"Twalib, mama. Kwa mchi. Futari ilichelewa."

Nikauliza mama yake alikuwa wapi.

"Alikuwepo. Alisema nisilie, majirani."

Alhamisi, 11 Septemba

Tumekata kutwa. Wembe unateleza, vidole vimejaa plasta. Sasa naona — mkono wake wa kulia haugeuki. Anageuza stensili badala ya mkono. Miezi miwili anakula mbele yangu. Nilikuwa naangalia nini?

Nikamwambia nitawazuia wasije.

"Umeshawaita, mama."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nimekwenda kwa Kitwana. Baba yake Raya ni marehemu, huyu nduguye ndiye baba sasa. Nimemweleza yote. Akavua kofia, akaivaa. Kisha akasema mkono umeshapona, shemeji, na sisi ndio tulioita watu. Tukiwarudisha njiani, Pangani watasema nini? Atamwonya Twalib mbele ya mama yake. Nikasema mama yake alishaona kwa macho. Akaniambia nisipandishe sauti. Sikuwa nimeipandisha.

Nimerudi, nimepaka pindo lote mpaka magharibi. Korosho moja imegeuka, inatazama nje. Raya anasema iache. Nimeiacha.

Jumamosi, 13 Septemba

Rangi imekauka. Nimepiga pasi upande wa nyuma, vinginevyo inachujuka watu wakinawa mikono. Kimependeza kweli. Sina raha nacho.

Raya kafungasha begi. Hakuna aliyemwambia.

Jumapili, 14 Septemba

Saa nane mchana. Niko jikoni. Nimewaambia nangoja chai ichemke. Nisipoandika nitalia na sitaki kutoka na macho mekundu.

Wamekula. Bi Mwanahija kapitisha kiganja juu ya kitambaa, kauliza kazi ya nani. Nikasema ya Raya.

"Basi na mimi atanichorea. Mkono wa baraka huo, Mama Raya."

"Ana mikono mizuri, mama," Twalib akasema, akachukua nanasi jingine.

Nikamtazama Kitwana. Kitwana akatazama sahani. Hakumwonya mtu. Kasema tu pilau limekolea.

Kisha Bi Mwanahija: "Haya, mtoto avae baibui. Dereva anataka tufike kabla ya magharibi."

Raya yuko hapa, ameshavaa. Kasimama karibu na pipa la maji na begi lake.

"Mama, nikuage hapa hapa au barazani?"

Nikamwambia, kavue.

Hakunielewa. Nikarudia: kavue baibui, ukae ule, tangu asubuhi hujatia kitu tumboni. Nimempakulia. Kakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, sahani mapajani. Hali. Ananitazama.

Kitwana kaita, "Shemeji, wageni wanangoja." Nikaitika naja. Kaita tena. Neno "haendi" nitaliweza, nimelijaribu hapa kimoyomoyo. Wakiniuliza kwa nini mbele ya watu, na Kitwana yupo — nitaanzia wapi?

Chai inafurika mekoni. Raya kanyoosha mkono aiepue, nimemwambia aache.

Kiti kimesogezwa huko sebuleni. Ni Bi Mwanahija, namjua kwa kukokota mguu. Anakuja huku jikoni mwenyewe. Naweka kalamu, nitaanzia na mchi.