Mashine ya Kanisa Yapiga Dansi Mwanjelwa

Mwanjelwa, Mbeya
Mwezi wa saba

Mama yangu mpenzi,

Kamwene, mama. Kamwene tena kwa niaba ya Tumpe, mkwe wako, ambaye amekaa hapa kando anamenya viazi na kunicheka kwa kuwa naandika huku natabasamu peke yangu. Goti lako linasemaje na baridi hii? Na kwaya, bado mnaimba, au wale wa sauti ya pili wameanza tena kununiana? Huku asubuhi nyasi zinaamka nyeupe, na maji ya kunawa yanakata vidole. Lakini sisi wazima, na juu ya uzima tumepata ushindi. Soma polepole, usiruke mistari.

Katika barua yako umeuliza habari za mashine ya kanisa kabla hujauliza habari zangu. Nimezoea. Ulipowaomba wazee wa kanisa wasiitupe ile amplifaya ya mahubiri ya uwanjani, ukanibebesha siku nilipoondoka Iringa kuja kuwa fundi wa bendi, ulisema niitunze kama mgonjwa. Niliiponya mwaka uleule, hilo unalijua. Sasa kaa chini nikwambie lingine: mwezi uliopita nimeifumua yote.

Usishtuke. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Bendi yetu ilikuwa na amplifaya mbili za gitaa, zote za taa, yaani zile chupa za kioo zinazowaka nyekundu ndani. Yako ndiyo bibi. Ina taa mbili kubwa, transfoma nzito kama jiwe la kusagia, na sauti nene ya upole. Ukiipandisha sana inakwaruza kidogo, kama mzee anayekohoa katikati ya hadithi. Ya pili ilikuwa kijana, imetengenezwa miaka mingi baadaye, ina taa kubwa nne. Hiyo ilikuwa inapiga mpaka mabati ya ukumbi yanatetemeka, ila sauti yake kali, inachoma masikio. Kiongozi wetu, kaka Ambakisye, mpiga solo kutoka Tukuyu, aliipenda hiyo kijana kuliko chakula. Mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wa bibi.

Basi mwenye ukumbi akatuita. Akasema kuna bendi ya Dar inautaka ukumbi wake, naye hawezi kulisha fahali wawili kwenye zizi moja. Jumamosi ifuatayo tupige wote, alasiri, watu waamue kwa miguu yao. Watakaochezewa wabaki, wengine wafungashe. Mama, ukumbi ule ndio kazi yetu yote. Tukiukosa, bendi inatawanyika, nami narudi kwa baba nikiwa na mke na mikono mitupu, baba akaniambie tena lile neno lake kwamba gitaa halilimi.

Asubuhi moja ya wiki ileile nikakuta harufu ya lami inayoungua. Kijana yule yuko katikati ya jukwaa, amewashwa, na juu yake blanketi zito la Ambakisye limetandikwa vizuri, limechomekwa mpaka pembeni, utadhani kuna mtoto amelala. Mwenyewe amekwenda kunywa chai. Nikachomoa waya, lakini transfoma ilikuwa imekwisha, lami yake inachuruzika sakafuni.

"Kaka, umefanya nini?"

"Baridi hii, Zaka!" akasema, kikombe mkononi. "Ngoma yenyewe ya ngozi si tunaipasha moto ndiyo ilie? Mimi nimeisaidia tu ipate joto."

Nilitaka kumrushia nyundo. Halafu nikamtazama: mtu mzima, machozi yanamlengalenga, amelishika blanketi kama mfiwa. Nikacheka. Ni kweli wazee wetu wote walipasha ngoma moto. Hawakuwahi kukutana na ngoma inayojipasha yenyewe kutoka ndani.

Transfoma kama ile hapa Mbeya huipati. Bibi peke yake asingeujaza ukumbi. Ndipo nikaishika bisibisi, mama, nikakuomba radhi kwa sauti, nikaifungua mashine yako. Nikang'oa transfoma yake, nikakata bati la kijana ikaingia. Haikuwa na nguvu ya kulisha taa nne, kwa hiyo nikatoa mbili, nikabaki na mbili, na waya za spika nikazipanga upya zilingane na hizo mbili. Nilipowasha, Ambakisye akapiga nyuzi zote mara moja, kisha akakaa chini, akazipiga tena. Ilikuwa sauti ya bibi ndani ya kifua cha kijana. Mashine yako haijafa, mama. Imeolewa tu.

Sasa sikia kilichotupa ushindi. Transfoma ya bibi ilitengenezwa kwa ajili ya misheni za porini, umeme wa kubahatisha. Nyuma yake ina swichi ya kuchagua: umeme ukiwa dhaifu unageuza huku, ukiwa na nguvu unageuza kule. Kijana hakuwa na kitu hicho. Na umeme wa ukumbi wetu unakuja kwa waya uleule unaopita kwanza kwenye mashine ya kusaga ya mama Tumpe, mama mkwe wangu. Jumamosi alasiri watu wa sokoni wanapoleta mahindi, yeye akiwasha, globu zetu zinakuwa kama makaa.

Lakini hapo pana hatari. Swichi ikiwa upande wa umeme dhaifu, halafu yeye azime ghafla, umeme unarudi wote na taa zangu zinaungua palepale. Lazima anipe habari kabla ya kuzima. Na wewe ndiye uliyenifundisha adabu ya ukweni: mimi na mama mkwe hatusemezani, hatutazamani, tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Tangu nimwoe Tumpe sijawahi kusikia sauti ya mama yake. Basi nikampa Tumpe kazi: akae kwa mama yake, na mahindi yakikaribia kwisha aje mbio aniambie.

Jumamosi ikafika. Wageni wakaanza, na sitakudanganya, walinguruma. Watu wakajaa katikati. Nikamwona mwenye ukumbi anatikisa kichwa kwa raha. Mara globu zikafifia: mama mkwe amewasha. Amplifaya zao zikanywea palepale, sauti ikawa ya mtu anayeimba ndani ya debe. Fundi wao alizunguka akigonga kila kitu. Watu wakarudi kwenye mabenchi.

Zamu yetu. Nikageuza swichi ya bibi, Ambakisye akaanza. Mama! Sijui niandikeje. Ilitoka nene, tamu, imejaa mpaka nje sokoni. Wauza vitunguu waliacha mafungu yao wakaja kuchungulia. Mabenchi yakabaki matupu. Hata fundi wa wageni alikuwa anacheza.

Na Tumpe naye alikuwa anacheza! Nilimwona katikati ya watu, kanga kiunoni, amekuja kuchungulia wimbo mmoja akasahau alichotumwa. Nikapiga kelele, hasikii. Nikaweka mkono kwenye waya, tayari kuuchomoa, nimekodolea globu, jasho linanitoka.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, dirishani. Mwanamke amesimama nje, amenipa mgongo, kanga imefunika kichwa chote, anaiambia barabara:

"Mkwe! Mahindi yamekwisha zamani! Mashine inasaga hewa! Nizime, nisizime?"

Mama mkwe mwenyewe. Alimngoja Tumpe, hakumwona, akaacha mashine inazunguka bure kwa ajili yangu, akaja kwa miguu. Nami kwa adabu ya ukweni siwezi kumjibu. Nikampungia Ambakisye, akamalizia wimbo. Nikazima, nikageuza swichi, nikawasha. Kisha Ambakisye akakisogelea kipaza sauti, akashukuru kwa Kinyakyusa, na ingawa sauti ilinywea kwa umeme ule, Mwanjelwa nzima ikasikia kwa mashine yako:

"Ndaga fijo, mama! Zima!"

Watu wakalipuka kwa vifijo. Mwenye ukumbi hakungoja tumalize; alipanda jukwaani akamkumbatia Ambakisye. Ukumbi ni wetu. Fundi wa wageni akanipa mkono, akaomba aone nyuma ya mashine, nikamwonyesha, maana fundi hamfichi fundi.

Mpe baba salamu, na umwambie gitaa limevuna. Msalimie yule mzee wa kanisa aliyesema mashine ni ya kutupa. Msalimie kwa sauti, watu wengine wakiwepo. Dada yangu mwalimu, na shangazi wa Kalenga, wote wasalimie.

Na hili ndilo ombi langu. Mkwe akishafungua kinywa, upande wetu hauwezi kunyamaza hivihivi. Nifumie kikapu cha nyasi za milulu, kikubwa, cha kuwekea unga, chenye mistari yako ile myeusi. Mpe baba mdogo akipita na lori. Siku nitakapompelekea, nitaruhusiwa kusimama mbele yake na kumwamkia.

Fuma haraka, mama. Tangu Jumamosi ile, kila jioni anapotaka kuzima, anaita kwanza kutoka kwake, "Mkwe, nazima!" Anaita hata siku ambazo ukumbi umefungwa na hakuna kilichowashwa. Nami nakaa hapa namsikia, na bado siwezi kumjibu.

Mwanao akupendaye,
Zakaria, fundi wa bendi