Mdaiwa Aliyebaki ni Mjomba

Jumanne, 11 Juni
Pancha tisa leo. Malori matatu, pikipiki sita. Mikumi nzima hakuna anayeziba haraka kama mimi, anayebisha aje gereji tushindane. Jioni nimeosha pikipiki. Kesho Kilosa, baraza la ardhi.

Nina wadaiwa wawili. Wa kwanza ni mjomba Mwinshehe, aliyeuza shamba la marehemu mama kule Kisanga nilipokuwa Dar nachuuza soksi. Wa pili ni aliyelinunua. Namwita Bwana Miwani, maana miwani yake ya jua havui hata ndani ya nyumba.

Hati ya madai nimeandika mwenyewe. Mimi niliyeishia form two! Kurasa tano. Dada Neema, msaidizi wa sheria hapa Mikumi, alitaka kuipitia kwanza. Nikamwambia, dada, subiri tu utasikia redioni.

Mjomba ndiye aliyenilea, tunakaa nyumba moja. Asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu, "Marahaba, mdai." Ana dharau huyu mzee. Na kesho nitambeba mimi kwa pikipiki hadi barazani.

Jumatano, 12 Juni
Noma.

Wakili wa Bwana Miwani kaweka pingamizi. Eti kurasa zote tano namsema mjomba. Mteja wake nimemtaja mstari mmoja, kwamba alinunua, na kosa lake sikuliandika. Watu wakacheka. Mwenyekiti akaisoma upya, akakubali. Madai dhidi ya mdaiwa wa pili yametupwa. Ya mjomba yanaendelea.

Ni kweli niliandika hivyo. Hasira zangu zote zilikuwa kwa mjomba. Yule mwingine simjui hata anakula nini.

Sasa mwenye shamba katoka kwenye kesi, na kwenye kesi nimebaki na asiye na shamba. Tumerudi pikipiki moja. Tulipofika kijiji cha Ulaya mjomba akainama sikioni kwangu: "Kurasa tano, mpwa wangu? Hata mama yako hakunijua hivyo."

Sikucheka. Baadaye kidogo nilicheka.

Ijumaa, 14 Juni
Nimepeleka rufaa Morogoro, Mahakama Kuu. Neema alinizuia. "Kesi bado iko mezani. Uamuzi wa kumtoa mdaiwa mmoja haujaimaliza. Maliza na aliyebaki, halafu ukate rufaa kwa yote." Nikamwambia, wewe dada muoga, mimi siyo.

"Haya, shujaa. Utanikuta hapa hapa."

Alhamisi, 19 Septemba
Nimemkuta hapo hapo.

Nilivaa suti ya kuazima. Jaji hakuuliza habari za shamba hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja: kesi ya baraza imeisha? Nikasema bado, amebaki mjomba. Akasema basi umekuja kabla ya wakati, rudi ukamalize. Rufaa ikaondolewa. Hata kiti hakijapata joto.

Mbaya zaidi, faili la baraza lilikuwa limeitwa Morogoro muda wote huo. Kwa hiyo kesi ya mjomba nayo ilisimama. Miezi mitatu. Nimejifunga kamba mwenyewe na fundo nikalikaza.

Jumanne, 15 Oktoba
Imeahirishwa. Mjomba kasema tumbo.

Jumanne, 29 Oktoba
Imeahirishwa. Mjomba kasema mgongo. Kwenye pikipiki mgongo haukumuuma hata kwenye mashimo.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimeenda Kisanga. Trekta limeshapita. Vibarua wanapanda mitiki, mistari imenyooka kama kamba. Pale mama alipokuwa analima mpunga, mitiki. Nikamuuliza mmoja itavunwa lini. "Mpaka uwe na wajukuu, kaka."

Bwana Miwani alikuwepo. Nilimfokea vizuri tu, nina sauti mimi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. "Kijana, mimi kesi sina."

Kweli hana.

Nikapitiliza Kilosa kuomba azuiwe. Karani akanieleza taratibu kama mtoto: baraza halimzuii mtu ambaye hayumo kwenye kesi.

Kumshika siwezi. Kumkatia rufaa siwezi mpaka ya mjomba iishe. Ya mjomba haiishi. Na kila siku shimo jipya, mche mpya. Nimechoka. Nimekwama kama lori kwenye tope la masika, na dereva ni mimi.

Jumapili, 10 Novemba
Nikapata akili. Niifute kesi ya mjomba, yote iwe imekwisha, nikate rufaa kesho yake. Neema akaniangalia. "Ukiifuta mwenyewe, huko juu utasimamia nini? Hakuna hukumu inayosema mjomba wako hakuwa na haki ya kuuza." Kisha akaongeza, "Ila akikiri, inaisha siku hiyo hiyo."

Nimemwambia mjomba tukiwa tunakula. Akarudisha tonge sahanini.

"Unataka nisimame mbele ya watu wa Kisanga niseme nimeuza cha dada yangu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na lile tumbo na ule mgongo, unadhani nilikuwa naumwa nini?"

Akaondoka hajala. Namchukia. Namwonea huruma. Vyote viwili, na sahani yake nimeiosha mimi.

Jumatano, 4 Desemba
Watu wa Kisanga walikuja, wamejaa benchi mbili. Mjomba alipoitwa nikasubiri leo ataumwa nini.

Akasimama wima. "Shamba lilikuwa la dada yangu. Huyu ndiye mwanawe. Sikumuuliza yeye wala ukoo. Niliuza."

Mwenyekiti akamuuliza kama anaelewa anachosema.

"Naelewa, mheshimiwa. Andika."

Shangazi mmoja nyuma akasonya, msonyo mrefu, ukumbi mzima ukasikia. Mjomba hakugeuka. Hukumu imetolewa kwa kukiri kwake: hakuwa na haki ya kuuza. Kesi imekwisha. Nimeshinda.

Nilikuwa nimepanga kurusha mikono juu. Haikunyanyuka. Nje walimpita kama hawamuoni, na wengine ni wadogo zake. Nikawasha pikipiki, akapanda nyuma.

Jumanne, 17 Desemba
Nakala ya hukumu nimepata wiki iliyopita. Leo rufaa imepokelewa, safari hii hakuna aliyenirudisha mlangoni. Dada Neema kaandika, mimi nikakaa kimya pembeni. Karani kauliza mjibu rufaa ni nani. Nikamtaja Bwana Miwani. Mjomba je? Nikasema yeye amemaliza. Tarehe watanipigia.

Nimerudi na samaki, perege wawili. Mjomba hatoki siku hizi, hata Ijumaa anasali chumbani. Nikapika mimi. Tukala mkekani, mvua inanyesha.

"Mitiki inachukua miaka mingapi?"

"Ishirini na zaidi, wanasema."

"Na rufaa?"

"Hawajasema."

Akatafuta mwiba kwa vidole, akautoa, akaisogeza ile minofu upande wangu. Tukaendelea kula.