Mstari Niliounyoosha

Jumatatu, 4 Machi
Mhadhiri wa kompyuta ameniletea somo la nne, la wanafunzi wake kusoma na kujibu. Kurasa kumi na moja za mkono wake, mwandiko wa kuku. Nizipige chapa, nitoe nakala arobaini. "Mzee, piga kama zilivyo." Ananifundisha kazi! Mimi niliyepiga kitabu cha sheria, kurasa mia tatu, kati ya adhuhuri na alasiri, mashine ikafuka moshi. Nimemrekebishia kimyakimya. Kwenye mfano wa programu ya kujumlisha, mistari inaingia na kutoka kama ngazi mbovu. Mmoja umenikera zaidi. Nikaurudisha pembeni, usawa mmoja na wa chini yake. Ukurasa umependeza.

Nakala kachukua mpwa wangu, binti wa marehemu dada, kiongozi wa darasa. Nikamwambia bila mimi mhadhiri wake hana somo.
"Basi ungefundisha wewe, mjomba."
Nikamjibu walinibembeleza, nikakataa.

Ijumaa, 8 Machi
Mpwa kaja dukani kwangu kuijaribu ile programu kwenye kompyuta yangu. Jibu: kumi na mbili. Akakunja uso. Kwa hesabu ya kichwa anapata sitini. Nikamwambia mashine haina ubishi, na karatasi imepita mikononi mwangu. Andika kumi na mbili, waambie na wenzako.
Akaandika. Ananiamini huyu mtoto.

Jumatano, 13 Machi
Arobaini wote wameandika kumi na mbili. Mhadhiri kasema wamenakiliana, na chanzo ni aliyekusanya majibu – mpwa wangu. Keshokutwa kamati. Akikutwa na hatia, anafukuzwa.
"Mjomba, ulipiga kama alivyoandika?"
"Neno kwa neno."
Maneno ni yaleyale. Sikusema uongo.

Alhamisi, 14 Machi
Karatasi za mhadhiri ninazo bado, chini ya rimu za karatasi tupu. Nimeurudisha ule mstari ndani kama alivyouweka, nikaiendesha programu.
Sitini.
Nafasi nne tupu mwanzoni mwa mstari, ndizo zinazoiambia mashine irudie kujumlisha. Kumbe hata utupu una kazi, na miaka ishirini na sita ya kupiga chapa hakuna aliyeniambia.
Fundi saa wa jirani, aliyesikia kesi ya mpwa, kanichokoza: "Si ulisema yule mhadhiri hukubali kila unalomwambia? Nenda basi kamwambie." Nikacheka naye. Nimekaa na hicho kicheko tumboni siku nzima. Kazi zote za chuo zinapita kwangu kwa sababu moja tu: wanasema mzee hakosei.

Ijumaa, 15 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Mpwa yuko kando yangu, kavaa blauzi ya mama yake. Mfukoni nina kurasa mbili: ya mhadhiri na yangu. Nimekuja pia na kisa – radi ilipiga nguzo, kompyuta ikaruka, mistari ikahama yenyewe. Kizuri sana. Hata mimi nimeanza kukiamini.
Nimemsimulia kwa kunong'ona. Hakucheka.
"Mjomba, wiki ile haikunyesha."
Mlango umefunguliwa. Katibu kauliza mimi ni nani. Mpwa kanitangulia: "Ndiye aliyepiga chapa."
Ameniangalia mfukoni. Anajua! Tangu lini?
Mhadhiri katokea nyuma ya katibu, kanyoosha mkono. "Mzee, lete karatasi zangu." Na mimi bado naandika, kama mtu mwenye muda; mkono wa pili unazitoa kurasa zote mbili.