Kwa Mama Marta, Juu ya Mtoto Aliyekataa Kupanda Lori

Mke wangu mpendwa, mama Marta,

Hapa Iguguno wote tu wazima, isipokuwa wewe. Nimeandika maneno hayo nikingoja nicheke, sikucheka. Na unajua mimi ninavyocheka. Kule vitani Burma nilicheka kwenye matope mpaka ofisa wetu Mzungu akauliza kama nina homa. Sasa watu wananiletea ugali na mlenda, nakula, nanawa, na mtu akiniuliza nimekula nini simjibu, maana sijui. Sina hata uchungu. Nipo kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Nakuandikia juu ya Marta.

Unamkumbuka yule mtoto wa jirani aliyeitwa na mpita njia ambebee mzigo kwenda upande wa Sekenke? Alikwenda, kwa sababu kwetu mtoto akiwa njiani ni wa kila mtu mzima. Ukimkuta unamtuma, naye hakuulizi wewe nani. Akikataa, kabla hajafika kwao habari imeshafika na fimbo imeshakatwa. Yule alirudi baada ya mavuno, amekonda, hasemi, na mwanaume akikohoa karibu naye anajikunja. Watu walisema karogwa. Wewe ulitafuta kibuyu kidogo, ukakifunga kamba, ukampa Marta, ukamkalisha mbele yako juu ya kinu kilicholala.

"Ukiwa njiani, kibuyu mkononi," ulimwambia. "Mtu akikuita pembeni unamwamkia vizuri, shikamoo. Halafu?"

"Nimetumwa."

"Na miguu?"

"Inatembea."

Mimi nilikuwa nimejilaza kivulini, mtu mkubwa niliyekwisha kuona Mombasa na bahari yake yote. Nikasema, "Mama Marta, unamfundisha mtoto uongo mchana kweupe."

Ukanijibu bila kugeuka, "Uongo gani? Nimemtuma mimi. Nimemtuma arudi nyumbani."

Mimi mwenye darasa la pili nikajigeuza upande mwingine. Baadaye ndipo nilipoona ulivyowazidi akili wazee wote wa hapa, mpaka na mimi, ambaye kuzidiwa akili si kawaida yangu. Mtoto aliyekwisha kutumwa hakuna anayemtuma tena, maana utagombana na aliyemtuma. Kwa hiyo mtoto wako alimkataa mtu mzima, na mtu mzima akaitika marahaba akaenda zake. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyekuja kwetu kushtaki.

Marta alijaribu kukuchezea kwa neno hilo, kumbuka. Shangazi yake alimwita akapepete mtama, akasema nimetumwa. Ulimtuma kweli siku hiyo, kisimani, kwenye kuni, kwa bibi na kurudi, mpaka akaomba mwenyewe akapepete. Ukamwambia, "Neno hili si la kukwepa kazi. Mtu unayemjua, akikutuma mbele za watu, nenda mbio. Anayekuita pembeni, wewe umetumwa. Hata akisema katumwa na baba yako."

Hapo nikaamka. "Hata mimi nikimtuma mtu?"

"Wewe ukimtaka mtoto, njoo mwenyewe."

"Mtu aliyefika Burma anaambiwa aje mwenyewe!"

"Si ulikwenda kwa miguu yako? Basi njoo kwa miguu yako." Tukacheka wote watatu. Nakumbuka kwamba tulicheka. Sauti yenyewe siisikii.

Ukaja kuugua, nikakupeleka hospitali ya misheni, Marta akabaki na shangazi yake. Siku ile mwuguzi aliponivuta pembeni akaniambia kama una mtoto mlete leo, ningekujaje mwenyewe na wewe umenishika mkono? Nikamtuma Ramadhani, yule dereva wa lori Mnyamwezi, rafiki yangu wa jeshini. Wewe ulimjua, mtoto hakumjua.

Alimkuta njiani, anatoka kisimani, akamtambua kwa kibuyu nilichomwelekeza. Ramadhani alinisimulia yote.

"Mtoto, panda, baba yako kanituma."

"Shikamoo."

"Marahaba. Panda basi, mama yako anakuita."

"Nimetumwa."

"Umetumwa wapi wewe?"

"Mbele."

Alipofungua mlango wa lori ateremke, mtoto akaingia kwenye mtama akapotea. Ramadhani alikwenda mpaka nyumbani, shangazi alikuwa shamba. Akaita mpaka sauti ikakauka. Marta, kama alivyokuja kusema baadaye, alikuwa amelala kifudifudi katikati ya mtama, anamsikia, amebana pumzi.

Akarudi kwetu hospitali na lori tupu. Ulitazama nyuma yake, pale mlangoni. Ukasema, "Marta?" Ramadhani, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Shemeji, kakataa kupanda." Hukusema kitu tena. Kama ulisikia, sijui. Jua lilipoanza kushuka ukauachia mkono wangu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Msibani watu walimzunguka mtoto. Dada yangu, yule shangazi yake, alisema mbele ya wote, "Umeitwa na mama yako anakufa, unamjibu mtu mzima umetumwa! Kiburi hicho kimekunyima kuagana naye." Wengine wakaguna kumwunga mkono. Mimi nilikuwepo, nilisikia, na maneno yakapita kama yanahusu watu wa mbali huko Kilimatinde. Marta akakiweka kibuyu chini ya kitanda.

Tangu hapo anamwitikia kila mtu. Anayemwita anamfuata. Wanawake wakamsifu, ametulia, amekuwa mtoto wa adabu. Juzi mchuuzi wa chumvi, mtu asiyejulikana hapa, alimwambia ambebee kifurushi, akambebea. Hakugeuka kuangalia nyuma. Watu wa mbele huko waliwakuta wamekwisha kuacha njia kubwa wanaelekea porini. Walipomwuliza mchuuzi yule mtoto ni wa nani, akauachia mkono wa mtoto akaondoka kwa haraka bila kifurushi chake.

Walimleta. Nilimwangalia miguu, ina vumbi, mizima. Sikusikia hofu wala hasira, ila kichwani nilijua jambo moja: hili la kwangu, na wewe hupo.

Nikamwita Ramadhani aje. Nikamkalisha dada yangu, nikamkalisha mtoto. Mimi mwenye maneno mengi kuliko redio ya bwana shauri nikamwachia Ramadhani aanze. "Marta, mimi ndiye uliyenikimbia. Nina binti kule Tabora. Mtu kama mimi akimsimamishia lori, naomba akimbie kama wewe."

Dada akasema, "Lakini alikuwa ametumwa kweli!"

"Mtoto angejuaje, dada? Usoni kwangu kumeandikwa?"

Marta akaniuliza mimi. "Ningepanda, ningemkuta mama?"

Mke wangu, mimi nimewadanganya watu wa nchi hii kwamba nimempanda tembo. Uongo ulikuwa mdomoni tayari, mtamu. Nikasema, "Ungemkuta."

"Angesema nini?"

"Sijui. Alikuita kwa jina. Na wewe ulifanya sawasawa. Yote mawili ni kweli."

Hakulia. Alinitazama tu, macho yako yale yale ya kunipima kama nimekunywa. Dada yangu akanyanyuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Leo asubuhi nilikuwa naezua banda la mbuzi. Mwanamke mgeni alisimama njiani na mizigo yake, sura ya upole, akamwashiria Marta amfuate hadi kule kichakani, kana kwamba kuna mzigo mwingine. Niliacha kazi. Nilitaka nione. Mtoto alimwamkia. Yule mama akaitika, akaashiria tena. Marta akapiga hatua moja. Akasimama. Akasema jambo ambalo kwa umbali ule sikulisikia, akageuka, akaja mpaka nilipo, akaanza kukusanya nyasi zilizoanguka.

Huenda yule mama alikuwa mtu mwema kabisa. Alipita amebeba mizigo yake kwa taabu, nami nikamwita kwa mbali nikaenda kumsaidia mwenyewe, kwa miguu yangu.

Nikirudi kusikia kitu moyoni nitakuandikia ni kitu gani. Kwa sasa ninayo habari hii moja, nayo nimeona ni yako: mtoto wako hakwenda.

Pumzika.

Mumeo, baba yake Marta